Runinga ya Ukweni

Runinga ilikataa kwa mara ya sita. Maneno meupe yalijiandika katikati ya kioo cheusi: Hakuna kifaa kilichopatikana. Yakakaa pale yametulia, kama mtu anayekuambia mwenye nyumba hayupo huku wewe unamwona dirishani.

Rula aliyasoma akiwa amesimama katikati ya sebule, kompyuta yake ameilaza juu ya mkono wa kushoto. Mkono ulikuwa umeanza kufa ganzi. Hakuiweka chini. Aliona kwamba akiiweka chini atakuwa amekubali kushindwa.

Jina la Rula hakupewa na wazazi wake. Alipewa na mwanamume ambaye wakati huu alikuwa amepiga magoti chini ya runinga, mgongo umelowa jasho. Walikutana kwenye jengo lililokuwa bado halina paa: yeye mchora ramani za nyumba, mwanamume fundi wa mitandao aliyekuja kupitisha nyaya. Alimwona akipima upana wa mlango mmoja mara tatu, akamwambia, "Dada, wewe si mtu, wewe ni rula." Naye akamjibu bila kuinua kichwa, "Na wewe ni waya. Unajipinda kila kona." Wakacheka. Majina yakaganda, na mapenzi yakaganda nayo.

Hiyo ilikuwa miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo harusi yao ilikuwa imeahirishwa mara mbili. Kila mara Waya alikuja kwake na uso mrefu, akamshika mikono, akasema maneno yale yale: "Mama anasema tusubiri kidogo." Mara ya pili Rula hakulia. Alijiapiza tu, kimyakimya, kwamba hakutakuwa na mara ya tatu.

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Mama wa Waya alikuwa amekubali kuona ramani ya nyumba ambayo wawili hao walitaka kujenga kwenye kiwanja kilicho nyuma ya nyumba yake. Akiridhika, atawapa kiwanja, na tarehe itapangwa leo leo. Asiporidhika, basi. Kwa wiki sita Rula alikuwa ameichora nyumba hiyo kwa namna ambayo mtu akiitazama kwenye skrini kubwa anaweza kuingia mlangoni, akapita ukumbini, akafungua dirisha. Skrini kubwa ilikuwa hapo ukutani. Ila ilikuwa imewakana mchana kweupe.

"Bado?" Mama aliuliza kutoka kwenye kiti chake. Alikuwa mkunga mstaafu, aliyepokea nusu ya watoto wa mtaa ule, na alikaa wima kama bado anasubiri kuitwa wodini.

"Bado kidogo, Mama," Waya alijibu bila kugeuka.

"Hiyo ni ile bado kidogo ya saa tisa, au ni nyingine?"

"Wifi, mwache mtoto," alisema Shangazi, dada wa marehemu baba yake Waya, mwanamke mnene mwenye mdomo mwepesi, sahani ya biskuti imetua mapajani. "Kinyozi hajinyoi. Mtaa mzima amewafungia mtandao, kwao ndiko anakotoka jasho."

Walikuwa wamejaribu kila kitu. Runinga ilizimwa ikawashwa. Kompyuta ilizimwa ikawashwa. Ruta, kile kisanduku cha mtandao chenye taa za kijani juu ya kabati la vyombo, ilichomolewa umeme, na Shangazi akahesabu mpaka thelathini kwa sauti kama mwalimu wa chekechea. Ilipowaka tena, Rula alibonyeza palepale pa kurusha picha. Duara likazunguka. Hakuna kifaa kilichopatikana.

"Waya wenyewe haupo?" Rula aliuliza. "Tuuchomeke moja kwa moja."

"Upo. Lakini matundu yako nyuma ya runinga, na runinga imebanwa ukutani kwa skrubu nane."

"Nani kaibana?"

Waya alisita. "Mimi."

Shangazi alicheka mpaka biskuti ikampalia.

Wakajaribu njia nyingine, ile ya kompyuta kuishika runinga yenyewe bila kupitia kwenye mtandao. Runinga ilifikiri kwa muda mrefu. Kisha kwenye spika zake ukatoka mlio mdogo, ting, ule mlio wa kompyuta ya Rula. Kioo kikabaki cheusi.

"Sauti imefika!" Shangazi alipiga makofi. "Picha bado!"

Mlio ulikatika. Waya alisema runinga ile ni ya zamani mno kwa njia hiyo.

Mama alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga, akaivaa tena. "Binti," alisema kwa upole ule unaochoma kuliko kelele, "mtu akitaka kuja kuonyesha kitu kwa watu, si hukijaribu kwao kwanza?"

Damu ilimpanda Rula mpaka masikioni. Alikuwa amekijaribu. Alikijaribu kwao mara mbili, akakijaribu kazini mbele ya bosi wake, na kila mara picha iliruka ukutani kabla hajahesabu tano. Waya alilijua hilo, alikuwapo. Rula alimtazama, akingoja aseme. Sentensi moja tu ingetosha: Mama, alijaribu, nilimwona.

Waya aliitazama rimoti mkononi mwake. "Labda kompyuta yake ina tatizo, Mama," alisema.

Kuna maneno ambayo ukiyasikia huyajibu palepale, kwa sababu kwanza unataka kuhakikisha kama kweli yametoka kwenye mdomo unaoupenda. Rula alisimama akiutazama mdomo huo. Ni mdomo uliowahi kumwambia, kwenye jengo lisilo na paa, mvua inanyesha na wote wawili wamejibanza chini ya karatasi moja ya nailoni, "Mimi sitakuacha ulowe peke yako." Na sasa alikuwa akilowa, na yeye yuko pale pakavu, na rimoti yake.

Waya alisogea karibu, akanong'ona. "Niachie kompyuta dakika tano. Nenda jikoni na Shangazi, mlete chai."

"Kwa nini niende jikoni?"

"Nitaitengeneza."

"Itengeneze nikiwepo."

"Rula, tafadhali."

Hapo ndipo alipokiona kidole gumba. Kilikuwa kinasugua kidole cha shahada, taratibu, kama kinachomenya ganda la waya. Kwa miaka mitatu Rula alikuwa amejifunza ishara zote za mwanamume huyu: akiwa na njaa hupiga mluzi, akiwa na wivu husafisha vitu visivyo vichafu. Na akiwa na uongo, kidole gumba humenya.

"Unajua tatizo ni nini," Rula alisema. Hakunong'ona.

"Sijui. Nataka kuangalia tu."

"Unajua."

"Mnasemaje?" Mama aliuliza.

Hasira ilikuwa imemjaa Rula, lakini hasira yake haikuwa ya kutupa vitu. Ilikuwa hasira ya mtu wa vipimo. Ukuta ukiwa na hitilafu, hupimi ukuta mmoja. Unapima kuta mbili, unalinganisha. Aliweka kompyuta mezani hatimaye, akainyakua rimoti mkononi mwa Waya kabla hajaibana, akafungua mipangilio ya runinga. Sauti. Picha. Lugha. Mtandao. Alibonyeza hapo. Herufi zikatokea, kubwa, ukutani, kila mtu akazisoma: Imeunganishwa na Familia.

Akainama kwenye kompyuta yake. Pembeni chini, mahali ambapo hakuwa amepatazama kwa miaka mitatu kwa sababu kompyuta yake ilikuwa ikijiunga yenyewe kila alipovuka geti: Imeunganishwa na Nyumbani.

"Runinga iko Familia," alisema polepole. "Mimi niko Nyumbani. Ndiyo maana hazionani. Nyumba hii ina mitandao mingapi?"



"Miwili," Shangazi alisema kwa moyo mweupe, akichovya biskuti kwenye chai iliyopoa. "Familia yetu sisi, na huo mwingine wa wageni. Umetengwa, hauoni vitu vya ndani, ndivyo alivyotueleza. Hata fundi bomba alipokuja kuzibua sinki alipewa huo."

Shangazi aliangalia uso huu, akaangalia uso ule, akairudisha biskuti sahanini.

"Nimesema nini mimi?"

"Fundi bomba," Rula alisema.

"Rula, nisikilize."

"Fundi bomba alikaa hapa muda gani, Shangazi?"

"Saa moja hivi, mwanangu. Sinki halikuwa baya."

"Saa moja. Mimi nimekaa miaka mitatu." Sauti yake ilianza kutetemeka, na kutetemeka huko kukamwongezea hasira. "Mara ngapi nimekuambia mtandao wa kwenu unakwenda kwa magongo? Ukaniambia ni mtaa. Ukaniambia ni mvua! Na jina ukaupa Nyumbani, ili nikiingia nijione nimefika. Umekaa hapa saa nzima unazima na kuwasha, tunahesabu mpaka thelathini, unaniacha nionekane mjinga mbele ya mama yako, na unajua! Ulijua tangu dakika ya kwanza!"

"Nilijua," Waya alisema. Ilikuwa sauti ndogo.

"Na ukasema kompyuta yangu ina tatizo."

"Sikujua niseme nini mbele ya Mama. Ni yeye aliyesema siku ya kwanza usipewe..."

"Nani?" Mama alisimama. Hakuwa mrefu, lakini alisimama kama mrefu. "Nani kasema?"

"Mama, ulisema. Siku nilipomleta. Ulisema mtandao wa ndani apewe mtu ukishamjua."

"Nilisema. Siku hiyo. Sikumpenda, sifichi, na yeye anajua. Nilisikia amewahi kuvunja uchumba, nikaogopa atakuvunja na wewe. Lakini mwaka huo huo, nilipolazwa kwa goti, nani alikuja kuninyoosha mguu kila asubuhi? Nikakwambia nikiwa kitandani: binti huyu mpe mlango, na huo mtandao pia. Ukasema nimeshampa."

Rula aliinua kichwa. "Mwaka huo huo?"

"Mwaka huo huo. Nikangoja mje na tarehe. Mara mbili nikaambiwa wewe hutaki. Una majengo, una kazi, tusubiri kidogo. Nikasema basi, mwanangu si wa kwanza kukimbiwa nawe."

"Mimi ndiye nisiyetaka?"

"Ndivyo nilivyoambiwa."

"Mimi niliambiwa ni wewe, Mama."

Wanawake wawili walitazamana juu ya meza. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mitatu kuitaja harusi bila mtu katikati. Kila neno la harusi kati yao lilikuwa limepitia kwenye mdomo mmoja, na sasa wote wawili waligeuka kuutazama mdomo huo.

"Umenifanya ukuta," Mama alimwambia mwanawe. "Huku unajibanza nyuma yangu usionekane na yeye. Kule unajibanza nyuma yake usionekane na mimi. Mwanamume mzima!"

Waya alikaa kwenye mkono wa kochi. "Niliogopa," alisema, na alimwambia Rula peke yake, kama vile wengine hawapo. "Ulivua pete ya mtu wiki tatu kabla ya harusi. Kila tarehe ikikaribia nilikuwa nasikia wiki tatu hizo zikija. Nikaona afadhali tubaki wachumba milele kuliko nikukose siku ile."

"Unajua kwa nini niliivua?"

"Unajua kwamba najua."

"Sema, mama yako asikie."

"Alikuwa anakudanganya."

"Basi," Rula alisema. Machozi yalikuwa yamefika, hakuyafuta. "Ili nisikuache, ukafanya kile kile kilichonifanya nimwache mwenzako."

Aliifunika kompyuta. Alianza kuitia kwenye mkoba wake, lakini zipu iligoma, na kwa hasira akaivuta hadi ikatoka jino.

"Binti," Mama alisema. "Ifungue."

"Mama, naomba niende."

"Utaenda. Nilikuita nione nyumba. Runinga siyo nyumba. Ifungue hapo hapo mezani."

Mama alivuta kiti, akakaa kando yake, bega kwa bega, akasogeza uso mpaka miwani ikakaribia kugusa skrini. Rula alifungua. Alimwingiza mlangoni bila kusema neno, akampitisha ukumbini, jikoni, mahali ambapo mwanga wa asubuhi ungeangukia. Chini, karibu na mlango wa nyuma, kulikuwa na chumba chenye dirisha refu linalotazama nyumba ile ile walimokuwa wamekaa.

"Hiki cha nani? Hakina ngazi."

"Chako. Siku goti likikataa ngazi zako za hapa."

"Si niliwahi kusema kwamba siwezi kuishi na mkwe?"

"Aliniambia umesema," Rula alijibu, akimwonyesha Waya kwa kidevu. "Nikakichora hivyo hivyo. Watu husema vitu."

Mkono wa Mama, mkono uliozoea kushika vichwa vidogo vinavyotoka gizani, ulipapasa ukingo wa skrini. Upande wa pili wa sebule Shangazi alipuliza pua kwenye kitambaa cha meza.

"Andika paswedi, Rula," Waya alisema ghafla. Alikuwa amesimama. "Ya Familia. Andika sasa hivi, niiondoe ile nyingine kabisa. Ni rulahaipindi. Herufi ndogo, bila nafasi."

"Ala!" Shangazi alifoka. "Ndiyo hiyo? Mimi naiandika kila nikibadilisha simu, nikadhani ni mambo ya jometri!"

"Niliiweka siku niliyokutana naye," Waya alisema. "Sijawahi kuibadilisha."

Rula alimtazama. Alimwona kama alivyomwona siku ile chini ya nailoni, kope zimelowa, na kitu ndani ya kifua chake kilitaka kwenda kwake kwa magoti. Ndicho kilichomkasirisha kuliko vyote. Kwamba bado kilitaka.

"Umenifanya ufunguo," alisema, "halafu ukaniacha nje ya mlango."

Hakuandika. Aliifunika kompyuta kwa mara ya pili, akaiweka kwenye mkoba wenye zipu iliyovunjika, akaukumbatia kifuani.

"Jumamosi," alimwambia. "Kwetu. Baba yangu atakuwa amekaa, na mama. Utakuja bila mjumbe, utawaambia kwa mdomo wako tarehe zote mbili ulizoziua, na uliziuaje. Pete naondoka nayo kidoleni. Usiihesabie chochote."

"Nitakuja."

"Sijakuuliza."

Mlangoni Mama alimshika kiwiko, akamnyang'anya simu, akaandika namba kwa kidole kimoja, polepole, akitamka kila tarakimu, kisha akajibipu ili naye abaki na ya Rula. "Miaka mitatu huna namba yangu," alisema. "Ukitaka neno langu, nipigie mimi. Usipitie kwa huyu."

Rula alivuka ua. Alikuwa ameshafika getini aliposikia miguu ikikimbia nyuma yake na kusimama ghafla kwenye ngazi, kana kwamba imekumbuka haijaruhusiwa kwenda mbali zaidi.

"Ni mimi!" Waya alipaza sauti. Jirani aliyekuwa akianika nguo alisimama na shuka mikononi. "Si Mama! Si kazi zake! Ni mimi niliyeogopa, nikamdanganya mchumba wangu miaka mitatu! Rula! Ni mimi!"

Rula aligeuka. Alimtazama kwa muda mrefu kiasi cha kupima mlango mara tatu.

"Sauti imefika," alisema. "Picha bado. Jumamosi."

Akafunga geti. Alitembea mpaka kwenye kona ya pili, mgongo umenyooka, na hapo tu akaegemea ukuta wa watu na kulia kama mtu aliyepewa ruhusa. Simu ikaita. Ilikuwa namba mpya, ambayo mwandishi wake alikuwa ameihifadhi mwenyewe kwa neno moja: Mama.

"Nimepiga kuhakikisha kama inashika," sauti ilisema.

"Inashika, Mama."

"Haya. Angalia mashimo hapo kwenye kona." Mkunga akakohoa. "Na mwanangu, huyu usimsamehe haraka."